Kumchora Mkaidi Kabla Mvua Haijakatika

4 Machi

Mvua imeanza leo mchana na fundi amefurahi kuliko mkulima. Amekuja hapa, amesimama mlangoni akikung'uta viatu, akamwambia Dada, "Ardhi ikishalainika, kuchimba msingi si kazi. Mvua ikikatika tu, mimi hapa na vijana wangu." Dada akamshukuru. Mimi nikaenda jikoni nikapigapiga sufuria ili wajue nipo.

Sipingi. Niandike wazi ili kesho nisije kujidanganya: sipingi. Tangu nyonga ya Mama ivunjike hajashuka chini kwa miguu yake. Ngazi zetu zimesimama wima, bafu liko chini, na siku za kumwogesha mimi na Dada tunambeba kama kabati, yeye akitoa amri, "Inua kushoto! Nani kakufundisha kubeba mtu wewe?" Anahitaji chumba cha chini. Kiwanja kilichobaki ni kile cha nyuma, yaani bustani yake. Bustani iondoke ili Mama ashuke. Nimeelewa mpaka nimechoka kuelewa.

Basi nimeamua. Kabla mvua haijakatika nitaichora bustani yote kwa rangi za maji, mmea kwa mmea, nibandike kuta nzima za hicho chumba. Nimepanda juu kumwambia Mama. Amecheka hadi akakohoa.

"Wewe, Kiguunanjia? Ukae kitini?"

Hilo ndilo jina langu humu ndani tangu nilipojua kutembea. Akanikumbusha kufuma, akanikumbusha baiskeli, akanikumbusha gitaa. "Gitaa liko chini ya kitanda changu mpaka leo, linalea buibui."

Tutaona.

6 Machi

Nimejiandikisha kwa Mwalimu. Ana chumba juu ya duka la vipuri, madirisha mapana, harufu ya grisi inapanda kutoka chini. Miaka yake yote amechora mimea kwa ajili ya vitabu vya kisayansi, sasa anafundisha sisi wenye muda wa mchana. Mimi duka la dawa nafanya zamu ya asubuhi tu, kwa hiyo muda ninao. Miwani yake anaiweka kichwani, halafu anaitafuta.

Amenipa jani la mpera nilichore. Nimelichora haraka, kijani safi, limenyooka, nikajisifu moyoni. Akaja akasimama nyuma yangu.

"Hili jani la nani?"

"Hilo ulilonipa."

"Nililokupa lina tundu hapa, na ukingo huu umeungua. Hili umelitoa kichwani. Rudia."

8 Machi

Nimerudia.

9 Machi

Nimerudia tena. Mvua.

11 Machi

Nimetupa brashi ukutani. Nimeiokota. Ukutani kuna kijani sasa, tena kizuri kuliko kile cha kwenye karatasi.

16 Machi

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia kabla sijaanza: rangi za maji hazina nyeupe. Ukitaka nyeupe unaiacha karatasi. Yaani mwanga wote wa jani, ule mng'ao mgongoni, ni mahali ambapo hukugusa. Mimi nimezaliwa nikigusa! Mkono wangu ukiona pahali peupe unawasha.

Na kungoja je? Rangi ya kwanza ikauke ndipo uweke ya pili. Ukiwahi, maji yanasukuma rangi pembeni na kuacha doa lenye pindo kama kikombe cha chai mezani. Mvua hii hakuna kinachokauka, si taulo, si soksi, si karatasi. Leo nimengoja, nimezunguka meza, nimetoka nje, nimerudi, nimegusa kwa kidole. Bado. Nimekasirika nikaipeleka juu ya jiko la mkaa, nikaishika kwa mbali, nikageuka kidogo tu kuangalia paka.

Nimempelekea Mwalimu hivyohivyo. Ameitazama, akashusha miwani.

"Safari hii ukingo umeungua kweli," akasema.

Wenzangu wamecheka mpaka mmoja akamwaga maji yake.

22 Machi

Dada ni mshonaji. Chumba cha mbele chote ni chake, sare za shule kila mahali, cherehani inalia tangu asubuhi. Tunaishi nyumba moja na tunaongea kama majirani wa ghorofa: maji yamekatika, nani kachukua mkasi, Mama ameshakula? Zaidi ya hapo ni yeye na cherehani yake.

Leo nimemkuta bustanini na futi yake ya kushonea shingoni, mvua inamnyeshea, amesimama mbele ya Mkaidi. Amesimama muda. Nikajua anapima ukuta utapita wapi. Roho imeniuma. Mtu hata hasubiri mvua ikatike!

Mkaidi ni mmea wa Mama unaotambaa ukuta wa nyuma. Jina lake halisi hatulijui, hata Mwalimu nilipomweleza alitikisa kichwa. Mama alikuja naye akiwa mbegu ndani ya leso siku alipohamia nyumba hii, na kila ukimuuliza aliitoa wapi unapata hadithi nyingine. Ukimkata kijiti umwoteshe kwenye kopo, anaoza. Dada amejaribu, mimi nimejaribu, majirani wamejaribu. Kumhamisha ndiyo usiseme, shina limekuwa kama mguu wa mtu na limejishika chini ya ukuta wenyewe. Hutoa maua masika tu, tena akitaka. Mwaka jana hakutaka.

23 Machi

Karatasi zangu zimejaa mawimbi kwa unyevu. Asubuhi nimezikuta mezani zimenyooka. Dada kazipiga pasi, kwa kitambaa juu, upande wa nyuma. Hakusema kitu. Na mimi sikusema kitu.

29 Machi

Nimempandishia Mama picha ya mlimao.

"Huu umeugua?"

"Mama! Ndivyo ulivyo. Una wadudu."

"Nani kauacha ukapata wadudu?"

Halafu akaisogeza dirishani, dirisha lake linaloangalia barabara, na akaitazama muda mrefu kuliko alivyotaka nione. "Tawi hili la chini," akasema, "nilikuwa naning'iniza hapo kapu." Ndilo lenyewe. Sikujua habari za kapu.

Nimeshuka ngazi nikiruka.

3 Aprili

Mkaidi ana kikonyo chenye tumba la ua! Kimoja tu, kiko juu, nusu kimejificha. Nimemwambia Mama, akajifuta macho, akasema ni vumbi. Nimemwambia Dada, akasema "Nimekiona" bila kuinua macho kwenye pindo la sketi. Ana moyo wa jiwe yule.

7 Aprili

Mvua.

8 Aprili

Mvua. Nimechora tangawizi, mchaichai, konokono mmoja ambaye hakuombwa. Mwalimu ameweka kidole juu ya konokono akasema, "Huyu yuko hai." Nimerudi nyumbani kwa miguu na mvua yote ile, sikuwa na habari nayo.

13 Aprili

Fundi amepita. Jua lilitoka kidogo tu, huyo. Nimesikia akimwambia Dada, "Wiki mbili, tatu, tutakuwa ndani." Wakasogea pembeni wakanong'ona, Dada akionyesha upande wa ukuta wa nyuma kwa kidole, fundi akitikisa kichwa, kisha akikubali shingo upande. Nilipotokea wakanyamaza.

Nimebakiza Mkaidi peke yake. Tumba limevimba. Silali vizuri, nafungua dirisha kila nikigeuka. Naomba mvua iendelee ili fundi asije, tena naomba ikatike ili niweze kukaa nje na karatasi. Hata Mungu atashindwa kunielewa.

19 Aprili

Limefunguka.

Nilitoka alfajiri na mwavuli nikalikuta. Jeupe, lakini si jeupe. Ndani ya koo lake kuna kijani chepesi, na vidoa vya zambarau vinavyoteremka kama nyayo za mtu aliyekuwa anaelekea mahali akasahau. Nimewapigia simu duka la dawa nikasema naumwa. Nimeleta kiti, ubao, rangi, mwavuli nimeufunga kwenye ngazi ya kuegemeza kwa kamba ya Dada.

Mvua ikaja ya upande. Karatasi ya kwanza ikaloa. Ya pili, tone moja likaanguka katikati ya ile nyeupe niliyoiacha kwa taabu, na kijani chote kikakimbilia hapo. Ya tatu upepo ukaichukua, nikaikimbiza mpaka kwenye mfereji. Na kila lilipopigwa na tone, lile ua liliinama na kuinuka, likiinama zaidi kuliko linavyoinuka. Petali moja ilishaanza kuwa na michubuko. Mama anasema ua la Mkaidi halifiki siku ya tatu. Na fundi huyo, anangoja jua tu.

Darasani huwa tunakata. Kila kitu tunakata: unaweka kwenye glasi ya maji, usawa wa macho, mwanga unatoka kushoto, unakaa nalo kwa starehe. Sikufikiri. Nasema kweli kabisa, sikufikiri, au nilifikiria karatasi tu. Nikachukua kisu cha jikoni, nikapanda ngazi, nikakata.

Nimelichora mezani kwangu mlango umefungwa. Sijawahi kukaa hivyo maishani mwangu. Sikusimama, sikuzunguka meza, sikusikia cherehani. Nimeacha nyeupe yote bila mkono kuniwasha. Nimengoja kila tabaka likauke, nikawa nalitazama tu lile ua, na lilipoanza kulegea shingo nikachora linavyolegea, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa. Nikafika chini ya kikonyo. Wanafunzi wengine hukiacha kikonyo kikafifia hewani kama moshi, na Mwalimu huwasema: onyesha ulipokata, anayetazama ana haki ya kujua mchoro wako unaishia wapi. Nikapachora pale palipokatwa. Mviringo mdogo uliolala upande, maji yanayong'aa kwenye nyuzi. Sehemu hiyo ndiyo niliyoipatia kuliko zote.

Ndipo Dada akagonga. Alikuwa ameloa kichwa hadi miguu.

"Ua la Mkaidi limekwenda wapi?"

Nikamwonyesha, nikicheka, jamani. Nikamwonyesha picha na nikamwonyesha glasi. Nilidhani atafurahi.

Dada hakupiga kelele. Alikaa kitandani kwangu na maji yake yote, akaweka mikono usoni, akalia. Sijamwona akilia tangu utotoni. Alilia kwa sauti, mabega yanakwenda, mimi nimesimama na brashi mkononi kama mjinga.

"Nilikuwa nangoja mbegu," akasema. "Ua moja linatoa ganda moja. Nimezungumza na fundi aanzie upande wa jiko, ile kona aiache mwisho kabisa, hadi ganda likauke. Mama aliniomba. Kitu kimoja tu aliniomba katika ujenzi huu wote, mbegu za Mkaidi, apande dirishani kwake."

"Mbona hamkuniambia?"

"Mama alisema usiambiwe. Alisema wewe utaziweka mahali halafu utasahau ni wapi."

Nimekaa chini sakafuni. Sina la kuandika zaidi ya hilo. Ndilo hilo.

20 Aprili

Nimekipanda kikonyo kwenye kopo la udongo, eti. Kimeoza hata kabla ya jioni.

21 Aprili

Dada amepanda juu kabla yangu. Nilikuwa ngazini nimebeba uji, nikamsikia.

"Mama, ua limeanguka. Mvua ya juzi imelivunja."

Kisha Mama, "Mvua ni mvua." Kisha, "Lilikuwa zuri?"

"Zuri sana," Dada akasema.

Alipotoka tulikutana kwenye ngazi. Hakuniangalia. Alinishika mkono juu ya kiwiko, kidogo, akaendelea kushuka. Huyu ndiye niliyemwandika kuwa ana moyo wa jiwe, na karatasi zangu alizipiga pasi yeye. Naona haya hata mbele ya daftari.

25 Aprili

Sijachora. Mwalimu amepiga simu, sikupokea.

27 Aprili

Jua.

28 Aprili

Jua. Nimefua kila kitu. Nimefua hata mapazia. Nimepanga dawa za duka zima upya hadi mwenye duka akaniuliza kama kuna mtu kanikera. Nikikaa chini naona kile kisu.

2 Mei

Leo yamenifika.

Mama kaniita nikiwa namkunjia shuka. Dada alikuwepo, anamkata kucha za miguu.

"Kiguunanjia. Siku ile ya ua, kabla mvua haijalivunja, wewe hukuchora? Wewe uliyekuwa unalingojea kama mshahara?"

Nilimtazama Dada. Dada alizitazama kucha.

"Nilichora, Mama."

"Sasa mbona mlimao niliuona, konokono nimemwona, ua la Mkaidi silioni? Lete."

"Haikutoka vizuri."

"Lini vyako vilitoka vizuri? Lete!"

Nimeileta. Ningeweza kusema nimeichana, lakini miguu ilikwenda yenyewe. Akavaa miwani, akaisogeza kwenye mwanga. Uso wake ulilainika, ukawa wa mtu mwingine, msichana fulani ambaye sikuwahi kukutana naye. Akapitisha kidole hewani juu ya vile vidoa vya zambarau, bila kugusa, akivifuata vinakoteremka. "Ndilo," akasema taratibu. "Ndilo lenyewe. Hivi vidoa nilikuwa nimevisahau." Machozi yakamtoka na safari hii hakutaja vumbi.

Kidole kikaendelea. Kikashuka kwenye petali yenye mchubuko, kikashuka kwenye shingo iliyolegea, kikafuata kikonyo hadi chini. Kikasimama pale.

"Mvua ya siku hizi," Mama akasema, "inatembea na kisu?"

Dada akainua kichwa haraka. "Ni mimi, Mama. Nilikata mimi."

"Hapana," nikasema. "Si yeye. Ni mimi."

"Najua ni wewe. Huyu akikata hukata sawasawa, ni kazi yake. Hapa pamekwenda upande. Mkono wako huo, tangu ukiwa unakata mkate." Akavua miwani akanitazama. Nilitamani anitukane. "Ungekuwa bado unachora yale majani yako ya mwezi wa tatu," akasema, "nisingejua."

Nimepiga magoti nikaweka kichwa kwenye godoro, nikamwomba radhi, nikasema yote, kiti, mwavuli, karatasi zilizoloa. Alinisikiliza. Aliniwekea mkono kichwani, mkono mzito, hakunipapasa wala hakuuondoa.

"Nimekasirika," akasema. "Msidhani sijakasirika. Mbegu ile nilikuja nayo mimi. Ondokeni wote wawili, mniachie hiyo picha."

3 Mei

Picha bado iko juu. Hajairudisha. Ananiongelesha kwa mambo ya chai tu.

6 Mei

Fundi ameingia na vijana wake. Ile kona haikuwa na sababu ya kubaki mwisho, wakaanzia hapohapo. Nilijilazimisha kukaa. Nilichukua kiti, nikachukua karatasi, nikachora shina la Mkaidi wakati wanachimba pembeni yake, mpaka fundi aliponiambia, "Dada yangu, sasa sogea, shoka hili." Jua lilikuwa kali, rangi inakauka kabla sijamaliza mstari. Dada alisimama nyuma yangu muda wote. Tulipoingia ndani alisema, "Magome umeyapatia," nami nikasema, "Asante kwa pasi." Akashangaa, pasi gani. Nikamkumbusha. Tukacheka kidogo, tukalia kidogo, akarudi kwenye sare zake.

Shina nimempelekea Mama. Akalitazama, akaliweka chini ya ile nyingine.

"Ukimaliza," akasema, "rudi kwa Mwalimu wako. Ameshapiga simu mpaka kwangu."

11 Mei

Mama ameagiza ua liwekewe fremu kabla chumba hakijapata hata paa. "Nitalala nimelielekea," amesema. Sikuuliza ni kwa mapenzi au ni adhabu yangu. Nadhani naye hajaamua.

Leo nimekwenda na Dada kwa fundi wa fremu. Yeye alitangulia kuingia wakati mimi nalipa pikipiki, nikawakuta wameinama juu ya picha. Fundi amekwisha weka kadi nyeupe ya pambizo juu yake, na kwa chini kadi imepanda kidogo, kikonyo kinaingia ndani yake na kupotea.

"Hapa chini nafunika," akaniambia. "Dada yako amesema inapendeza zaidi."

Nikamtazama Dada. Alikuwa anasoma bei za vioo ukutani kwa makini sana.

"Wageni watauliza," akasema bila kugeuka. "Watakuja kumwona Mama, watauliza hapa pamekatwa na nini. Miaka yote. Unataka hivyo?"

Niliitaka ile kadi ibaki pale, nisidanganye, niliitaka sana.

"Wakiuliza nitawajibu," nikasema.

Dada akageuka akanitazama, halafu akamwambia fundi apime upya. Fundi akaishusha kadi, akapima karatasi nzima, mpaka chini.